Gitaa la Prosesa Jukwaani: Mwongozo Kamili wa Kulifanya Lisikike Ndani ya Bendi

Malalamiko ni yale yale kwenye bendi za dansi, bendi za harusi na makanisa yenye vyombo. Mpiga gitaa ametengeneza sauti nzuri nyumbani, nene na inayong'aa, lakini bendi nzima ikianza gitaa linamezwa. Anaongeza volyumu. Mpiga kinanda naye anaongeza ya kwake, mwimbaji anasema hajisikii, na mwishowe fundi mitambo anashusha chaneli ya gitaa ili apate amani. Mwongozo huu unahusu gitaa la umeme linalopita kwenye prosesa, yaani kifaa cha dijitali kinachoiga amplifaya, spika na pedali, kisha likaenda moja kwa moja kwenye mikisa.

Niseme msimamo wangu mapema. Gitaa husikika likiwa na mahali pake katika masafa ya sauti, na mahali hapo ni padogo kuliko wapigaji wengi wanavyotaka. Sauti inayofanya kazi jukwaani, ukiisikiliza peke yake, mara nyingi ni nyembamba, kavu kidogo na haina mvuto. Anayeng'ang'ania sauti inayopendeza peke yake ataendelea kupotea hata akinunua prosesa ya bei mbaya zaidi.

Kwa nini sauti ya nyumbani hufa jukwaani

Sababu ya kwanza iko masikioni. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Sauti ikiwa ndogo, tunasikia hafifu sauti nzito na zile kali za juu. Kwa hiyo ukipanga preseti, yaani mpangilio wa sauti uliohifadhiwa ndani ya kifaa, usiku kwa volyumu ya chini, unaongeza besi na trebo mpaka zikuridhishe. Siku ya shoo volyumu inapanda, masikio yanazipokea zote kwa ukamilifu, na gitaa linageuka kuwa muungurumo chini na mchomo juu, huku sauti za kati, zilizo moyo wa gitaa, zikiwa zimebaki nyuma.

Ya pili ni msongamano. Uzi mzito wa gitaa ukiwa wazi hutoa hezi 82 hivi (mitetemo kwa sekunde), na uzi mzito wa besi hutoa 41. Kumbe nyuzi za chini za gitaa zinaingia katika eneo la besi, la ngoma kubwa ya mguu na la mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Juu, kuanzia hezi 6,000 kwenda mbele, kuna matoazi. Hapo kati, hezi 2,000 mpaka 4,000, ndipo maneno ya mwimbaji yanapoeleweka. Gitaa lililotengenezwa lijaze kote huko linagombana na kila mtu, na katika ugomvi wa namna hiyo gitaa hushindwa.

Sababu ya tatu ni preseti za kiwandani. Hizi zimetengenezwa zimvutie mtu aliyevaa hedifoni dukani: mwangwi mwingi, stirio pana, geini (nguvu inayoleta mkwaruzo) ya kutosha magitaa mawili. Zichukue kama mfano wa kile kifaa kinachoweza kufanya. Usipande nazo jukwaani.

Kabla ya kugusa kitufe: gawaneni shingo ya gitaa

Hatua hii haina gharama na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bendi za Kinshasa na Dar es Salaam zilipanga magitaa matatu jukwaa moja miaka mingi kabla prosesa hazijazaliwa. Kuna ridhimu, kuna mi-solo au solo la pili, kuna solo, na chini yao besi. Sikiliza rekodi za TPOK Jazz ya Franco, bendi ya Kinshasa, au za Morogoro Jazz ya Tanzania enzi za Mbaraka Mwinshehe. Magitaa yale ni safi, membamba, na kila moja unaweza kulifuata kwa sikio kutoka mwanzo hadi mwisho. Siri yake imo katika mgawanyo wa kazi: kila mpigaji ana eneo lake la shingo na ana mpigo wake, na anapojaza mmoja mwingine anaacha nafasi.

Fanyeni hivyo mazoezini. Mpiga ridhimu akae karibu na kichwa cha gitaa, freti ya 1 hadi ya 5. Wa mi-solo achukue katikati, freti ya 5 hadi ya 9. Mpiga solo apande kuanzia ya 9 au ya 12. Si sheria ya kufungwa jela, lakini mkijikuta wawili mnapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ile ile mahali pale pale kwa mpigo ule ule, mmoja abadilishe umbo la kodi au aweke kapo, kibanio cha shingoni, na kupanda juu. Mkiwa na kinanda, zungumzeni na mpigaji wake kuhusu mkono wake wa kushoto. Akiupunguza pale besi na ridhimu zinapokuwa zinafanya kazi, wote mtasikika vizuri zaidi, naye akiwemo.

Bendi ya gitaa moja ina nafuu: unaweza kuchukua nafasi pana. Hata hivyo kodi za nyuzi sita kwa wakati wote zinachosha. Nyuzi tatu au nne za juu zinatosha sehemu kubwa ya wimbo, kwa sababu noti ya msingi tayari anaipiga mpiga besi.

Hatua ya 1: Safisha njia ya sauti

Amua kwanza sauti inakwenda wapi, maana kosa hapa haliponyeki kwa ikwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha masafa.

Ukiingia kwenye mikisa, uigaji wa spika lazima uwe umewashwa. Spika ya gitaa ya inchi 12 hushuka kwa kasi baada ya hezi 5,000 hivi, na ndiyo inayolainisha mkwaruzo wa amplifaya. Ukizima sehemu hiyo, spika za ukumbi, ambazo zinapiga masafa yote, zitatoa mlio kama wa nyuki. Ukiingia kwenye amplifaya halisi ya gitaa, mambo yanageuka: zima uigaji wa spika, kwa sababu spika halisi ipo. Na ukiingia kupitia tundu la mbele la amplifaya hiyo, zima na uigaji wa amplifaya pia, ubaki na athari tu, kama mwangwi na korasi. Kupita amplifaya mbili na spika mbili mfululizo ni sababu ya kawaida ya gitaa kusikika kana kwamba limefunikwa blanketi.

Waya nao una maneno. Prosesa yenye tundu la XLR iunganishe moja kwa moja na boksi la jukwaani. Isiyo nalo itumie DI boksi, kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa, karibu na miguu yako, ili waya mwembamba wa gitaa usizidi mita 5 au 6. Kukiwa na mlio wa umeme, jaribu swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kwenye DI au nyuma ya prosesa. Usikate kamwe waya wa ardhi wa plagi ya umeme. Hiyo ni hatari kwa maisha. Mwombe fundi azime umeme wa volti 48 kwenye chaneli yako kama unatumia XLR ya prosesa au DI isiyohitaji umeme.

Halafu swali la mono na stirio. Kumbi nyingi zitakupa chaneli moja. Tumia tundu la kushoto lililoandikwa mono pekee, usichomeke la kulia, kisha usikilize preseti zako zote hivyo hivyo ukiwa nyumbani. Dilei (marudio ya noti) inayorukaruka kushoto na kulia, au korasi pana, inaweza kulala kabisa ikibanwa kuwa chaneli moja. Ni afadhali kulijua hilo sebuleni.

Hatua ya 2: Panga sauti kwa volyumu ya kweli, pamoja na ngoma na besi

Usipange preseti ya jukwaani kwa hedifoni. Tafuta spika ya PA, hata ndogo ya inchi 8 au 10, na uipandishe mpaka ukizungumza na mtu aliye karibu lazima mpaze sauti. Isikilize ukiwa umesimama mita mbili au tatu mbele yake. Huhitaji saa nzima. Dakika ishirini kwa volyumu hiyo zinatosha, kisha pumzisha masikio.

Pamoja na gitaa, chezesha ngoma na besi za bendi yako. Mkiwa na mikisa ya kidijitali mazoezini, mwombeni fundi arekodi wimbo mzima bila gitaa lako. Msipokuwa nayo, simu iliyowekwa katikati ya chumba inatosha kuanzia. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba usifanye uamuzi wowote kuhusu sauti wakati gitaa linalia peke yake. Ukiisimamisha rekodi na kusikia gitaa lako limekonda, usiguse kitufe. Irudishe rekodi kwanza, ndipo uamue.

Anza na amplifaya moja rahisi iliyo safi, spika moja, bila athari yoyote. Chagua spika kabla ya kuhangaika na vitufe vya amplifaya, kwa kuwa faili la spika, lile la IR, hubadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote ndani ya prosesa. Gitaa likisikika bila mng'ao, badilisha faili; usijaribu kuliokoa kwa trebo.

Pikapu ina sehemu yake. Ile ya shingoni hupendeza chumbani na hufifia jukwaani. Kwa ridhimu na sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, jaribu ya daraja, au nafasi za katikati kwenye gitaa lenye pikapu tatu. Nyuzi zilizochakaa nazo hazina mng'ao wa kukuzwa, na hakuna ikwalaiza inayoweza kuongeza kitu ambacho hakijatoka kwenye uzi.

Hatua ya 3: Kata kabla ya kuongeza

Weka ikwalaiza mwishoni mwa mnyororo, baada ya spika.

Anza chini na kichujio cha kukata sauti nzito, ambacho mafundi hukiita lo-kati. Kiweke kwenye hezi 100, kisha kipandishe taratibu huku bendi ikilia. Ukisikia gitaa limeanza kupoteza mwili wake hata ndani ya bendi, rudi nyuma kidogo. Ridhimu kwa kawaida hukaa kati ya 100 na 120. Solo la juu linaweza kuvumilia 150 hadi 180 bila mtu yeyote ukumbini kugundua, na mpiga besi atakushukuru.

Juu, weka hai-kati, kichujio cha kukata sauti za juu. Sauti safi ipe hadi hezi 7,000 au 8,000. Yenye mkwaruzo ishushe hadi 5,000 au 6,000, kwa sababu ule mchakacho unaowafanya watu waseme gitaa linasikika la kompyuta unaishi zaidi ya hapo. Ukibaki mchomo mmoja unaoumiza, tafuta kati ya 3,000 na 4,500 kwa ikwalaiza nyembamba, ukate desibeli 3 tu.

Sasa njoo hezi 200 hadi 400. Hapa ndipo tope linapojikusanya, hasa kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji na paa la bati. Punguza desibeli 2 hadi 4. Bendi nzima itafunguka, si gitaa pekee.

Baada ya kukata ndipo uongeze, tena mahali pamoja tu. Haya ndiyo maeneo ninayoanzia: ridhimu kati ya hezi 600 na 900, mi-solo kati ya 1,000 na 1,500, solo kati ya 1,800 na 2,500. Desibeli 2 au 3, mwinuko mpana. Lililo muhimu ni kwamba msiinue wote mahali pamoja, hivyo kaeni wapiga gitaa wote na mkubaliane nani anachukua wapi. Mpiga solo anaweza kuthubutu kuingia eneo la mwimbaji kwa sababu sebene huanza mwimbaji akipumzika. Mpiga ridhimu hana ruhusa hiyo. Yeye anafanya kazi mwimbaji akiwa katikati ya ubeti.

Hatua ya 4: Punguza geini, punguza mwangwi

Mkwaruzo mwingi hubana sauti, na sauti iliyobanwa haina ule mgongo wa mwanzo wa noti unaolifanya sikio ligeuke. Chukua geini unayoipenda nyumbani, ipunguze kwa theluthi moja, kisha piga kwa mkono mzito kidogo. Kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa, nayo ni nzuri kwa sebene kwa sababu inalinganisha noti, ila iache noti ipasuke kwanza: ichelewe milisekunde 20 hadi 40 kabla ya kubana.

Kuhusu mwangwi, ukumbi una wa kwake na hutauzima. Kanisa kubwa lisilo na mapazia litakupa mwangwi wa bure mpaka uuchukie. Zima riverbu, yaani mwangwi wa prosesa, kabisa wakati wa saundi cheki, kisha ongeza kidogo kama ukumbi ni mkavu au mko uwanjani.

Kwa solo napendelea dilei fupi kuliko riverbu, kwa sababu inajaza nafasi bila kuifunika noti. Ipange kwa mapigo ya wimbo: gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, na nusu yake ni 250. Kata sauti za juu za marudio ili yasishindane na noti mpya, na kiasi chake kisizidi asilimia 15 hadi 20.

Hatua ya 5: Linganisha preseti, kisha tengeneza swichi ya solo

Fundi mitambo hawezi kumsaidia mpigaji ambaye kila preseti yake ina ukubwa wake. Linganisha kwa sikio, bendi ikilia, na usiiamini mita peke yake: sauti safi hurusha sindano juu kwa sababu ya vilele vyake, ilhali yenye mkwaruzo huonyesha kiasi kidogo na kusikika kubwa zaidi.

Punguzeni wingi. Preseti moja yenye sauti tatu, yaani ridhimu, solo na sauti moja ya pekee, inatosha usiku mzima kwa wapigaji wengi.

Swichi ya solo iweke baada ya amplifaya. Ukiongeza nguvu kabla ya amplifaya ambayo tayari inakwaruza, utapata mkwaruzo zaidi na volyumu ile ile, halafu utashangaa mbona hukusikika. Ongeza desibeli 3 au 4, pamoja na mwinuko kidogo wa sauti za kati katika eneo lako. Mjulishe fundi kwamba unayo swichi hiyo, la sivyo na yeye atapandisha chaneli yako kwenye solo, mtajumlisha, na wasikilizaji wataziba masikio.

Hatua ya 6: Jisikie mwenyewe bila kuugusa ukumbi

Mpigaji asiyejisikia huongeza volyumu. Tenganisha njia mbili: moja iende kwa fundi na isiguswe, nyingine iende kwenye spika yako mwenyewe jukwaani. Prosesa nyingi zenye XLR zinakuruhusu kufungia kiwango chake huku kitufe kikubwa cha volyumu kikiongoza matundu mengine. Tafuta mpangilio huo kwenye yako.

Spika hiyo ielekeze masikioni, ikiwa imelazwa kimshazari au iko juu ya kiti. Iliyo sakafuni ikiangalia magoti inakudanganya, kwani sauti za juu husafiri kama mwale na zitapita chini ya masikio yako. Kama hamna spika ya ziada, omba monita iwe na gitaa lako, sauti ya mwimbaji na ngoma ya mguu. Vitu vitatu tu.

Wapo wanaoogopa ucheleweshaji wa dijitali. Prosesa ya kawaida huchelewa milisekunde chache, na sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde moja. Milisekunde 3 ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye amplifaya. Hiyo isikunyime usingizi.

Hatua ya 7: Saundi cheki

Fika mapema na uzungumze na fundi kwa heshima, kwa maneno mafupi: "Fundi, naomba chaneli yangu ianze bila ikwalaiza, tusikilize kwanza. Nina sauti mbili, hii ya ridhimu na hii ya solo." Kisha mpigie ya solo kwanza, kwa nguvu ile ile utakayotumia usiku, ili apange geini ya chaneli kwa kilele chako. Wengi hupiga kwa upole kwenye saundi cheki, wakafika wimbo wa tatu wanapasua spika.

Baada ya hapo, kama prosesa yako ina lupu (kinachorekodi na kurudiarudia ulichopiga), iweke mwanzoni kabisa mwa mnyororo, kabla ya amplifaya. Rekodi mpigo mmoja wa ridhimu, uache ujirudie, shuka jukwaani ukasikilize ukiwa katikati ya ukumbi huku bendi ikipiga. Kwa kuwa lupu imerekodi gitaa ghafi, mwenzako anaweza kugeuza vitufe jukwaani na ukasikia mabadiliko papo hapo. Sijui njia nyingine inayomfundisha mpigaji haraka kiasi hicho.

Marekebisho ya ukumbi yafanye kwenye ikwalaiza ya jumla ya kifaa, siyo ndani ya preseti. Kesho mko ukumbi mwingine, unairudisha kwenye sifuri na preseti zako ziko vile vile.

Umeme

Angalia adapta. Iliyoandikwa volti 100–240 inafaa Tanzania na Kenya. Ya volti 120 pekee, iliyokuja na kifaa kutoka Marekani, itaungua. Kama adapta yako ya 9V imepotea, mbadala uwe na milliampea sawa au zaidi, na ncha zake za chanya na hasi zifanane na za awali. Umeme ukikatika kwa sekunde moja, amplifaya hurudi papo hapo, lakini prosesa huanza kuwaka upya na baadhi huchukua nusu dakika au zaidi. Kwa shoo za jenereta, UPS ndogo ya kompyuta, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ni pesa iliyotumika vizuri. Hifadhi pia nakala ya preseti kwenye kompyuta au kwenye simu.

Likipotea katikati ya shoo

Usianze na volyumu. Fuata mpangilio huu, ukisikiliza baada ya kila hatua. Badili pikapu uende ya daraja. Zima mwangwi. Punguza geini. Panda oktavu moja juu, au acha nyuzi mbili za chini. Inua sauti za kati desibeli 2 kwenye ikwalaiza ya jumla. Kama bado, mtazame fundi na umwonyeshe kidole kuelekea juu. Yeye yuko mbele ya spika, wewe uko nyuma yake. Na wimbo ukiisha, nenda kwa mpiga kinanda, umwombe mkono wa kushoto upumzike ubeti mmoja.